Ekari ya Mlimani

Anayetafuta ekari ya kujenga kwenye vilima vya Samia huvutwa na upepo na mandhari. Aanzie kwenye rekodi za ardhi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Dina Management, ilisema hatimiliki peke yake haitoshi: asili yake lazima ichunguzwe. Utajibiwa kwamba muuzaji ni jirani, wazee wameshuhudia na mkonge wa mpakani unaonekana. Ni kweli, na kwa kuonyesha mpaka hakuna anayewashinda wazee. Lakini shamba likiuzwa bila idhini ya bodi ya ardhi, sheria ya 1967 inauhesabu mkataba kuwa batili. Na gharama? Ada ya sachi, yaani kupekua rekodi hizo za ardhi, ni ndogo mno kando ya bei ya ekari.