Kitambi na Baiskeli

Je, mtu mzima akipanda baiskeli ili apunguze mwili, ni majivuno au ni kutunza amana ya Mungu? Sisi walimu wastaafu tulikua tukisikia kwamba kitambi ni dalili ya neema na cheo. Lakini mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, mwenye miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, wala heshima yake haikupungua.

Tuendapo Kua, kisiwani Juani, gurudumu huzama mchangani, mnyororo huchomoka, nasi huanguka mbele ya vijana. Hucheka kidogo, kisha hutuinua: "Shikamoo Mwalimu, pole!" Hapo twatambua kwamba mzigo mzito kuliko kitambi ni hofu ya kuchekwa.

Nayo magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava wa Madagaska katika karne ya 19, yatukumbusha kuwa hata mawe hayadumu, sembuse mwili? Basi, ndugu msomaji, tusipungue kwa ajili ya kioo. Tupungue ili tuweze kumfikia mgonjwa kwa nguvu zetu wenyewe, maadamu tunazo.