Farasi wa Mbawa na Vita vya Mezani

 

Ndugu wasomaji, si mara nyingi ukurasa huu kuandikwa kwa ajili ya kukiri kosa letu wenyewe. Lakini mwenye kuwafundisha watu kurejea kwenye haki hana budi aonekane naye akirejea. Mas-ala haya yalianza usiku mmoja baada ya sala ya Isha, hapa Voi, alipotujia mzee mmoja wa darasa letu na kasha la viatu kwapani. Akalifunua mbele yetu. Ndani yake mlikuwa na vijisanamu yapata hamsini, kila kimoja hakizidi urefu wa kidole, vimepakwa rangi kwa ustadi wa ajabu: huyu ana mbawa, yule ana kichwa cha mnyama, na wengine ni watu tu.

Mzee akasema: "Sheikh, hivi amevifanya mwanangu. Usiku kucha kazi yake ni hii. Nifanyeje?"

Tukamjibu: "Vivunje."

Neno hilo lilitutoka kabla hatujakitazama kijisanamu cha pili. Mzee akenda zake akachukua nyundo, akavivunja vyote, na pamoja navyo akauvunja mlima uliokuwa umejengwa juu ya meza chumbani mwa kijana. Wiki ya pili yake kijana mwenyewe, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alikuja darasani. Akaamkia kwa adabu, akaketi hata tulipomaliza kusoma, kisha akauliza swali moja tu: "Sheikh, wale wenye roho nimefahamu. Jee, mlima ulikuwa na roho gani?"

Hatukuwa na jawabu. Hapo ndipo tuliporudi vitabuni, kazi ambayo yatupasa tuwe tumeifanya kabla ya nyundo na si baada yake.

Kwa wasioijua kazi yenyewe, ni hii. Ziko nchi ambazo watu wazima hucheza vita juu ya meza. Huweka majeshi ya visanamu, hujenga vilima, misitu na majumba madogo, hupima mwendo wa kila kikosi kwa rula, na mara nyingi hutupa dadu ili kujua nani amepigwa. Asili yake si ya mzaha: mwaka 1824 jeshi la Prussia liliuchukua mchezo wa namna hii kuwafundishia maofisa wake. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa bandia nyumbani. Na mwaka 1983 ilitoka huko Uingereza Warhammer, ambayo majeshi yake ni ya viumbe wa hadithi: majitu, mazimwi, na watu walio nusu wanyama.

Wenye kuipenda kazi hii hawatosheki na walichonunua. Humkata huyu mkono wakamtia yule, hubadilisha kichwa, huongeza mbawa kwa gundi ya kufinyanga. Kisha hupaka rangi ya giza kwanza, na juu yake rangi nyepesi mahali palipoinuka tu, hata jicho likadhani linaona mwanga na kivuli juu ya kitu kidogo kuliko kidole. Kijana wetu aliyaona haya katika simu. Visanamu vya Ulaya hakuviweza kwa bei, basi akanunua sokoni askari wa plastiki wanaouziwa watoto. Akawakata kwa wembe, akawaunga kwa gundi ile ya sehemu mbili ambayo mafundi huzibia mabomba, akawapaka rangi za wachora vibao na rangi za kucha. Mlima aliujenga kwa mti mkavu wa mkonge, ambao ndani yake ni laini na mwepesi, na mkonge katika wilaya zetu si kitu cha kutafuta. Juu yake akamwaga udongo mwekundu wa Voi.

Sasa tuje kwenye hukumu. Hadithi sahihi walizozipokea Bukhari na Muslim zatoa onyo kali: watengenezaji wa sura wataadhibiwa Siku ya Kiyama, na watatakiwa wavitie uhai walivyovifanya. Hili si jambo la kulipuuza, wala hatuandiki ili tulipunguze. Lakini imepokewa vile vile kwamba Ibn Abbas (R.A.) alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kazi hiyo, akampa onyo hilo, na alipomwona amebadilika rangi kwa khofu akamwelekeza kwamba, ikiwa hana budi, na afanye miti na kila kisichokuwa na roho. Basi ukimtazama Ibn Abbas utaona hakumwachia mtu yule mlango mmoja tu wa adhabu. Alimfungulia na mlango wa kazi. Sisi tuliufunga mlango alioufungua yeye. Mlima wa kijana ulikuwa halali yake bila ya shaka, na kuuvunja kulikuwa ni kuharibu mali ya mtu pasi na haki.

Ama vijisanamu vyenyewe, yako maneno. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliporejea kutoka katika safari ya vita, upepo ulilifunua pazia, wakaonekana watoto wa bandia wa Bibi Aisha (R.A.), na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume akastaajabu, akamuuliza kama farasi huwa na mbawa. Bibi Aisha akamkumbusha khabari ya farasi wa Nabii Sulaiman. Mtume akacheka hata yakaonekana magego yake.

Tuitafakari khabari hii. Farasi mwenye mbawa hayumo duniani. Ni kiumbe wa kuwazwa, aliyetengenezwa kwa mkono ili achezewe. Na bwana wa viumbe hakumkuta farasi huyo akaitisha nyundo. Aliuliza kwanza, akasikiliza jawabu, kisha akacheka. Sisi hatukuuliza.

Haki ya elimu ni kusema pia yaliyo upande wa pili. Kadhi Iyadh ametaja kwamba wanachuoni wengi wamejuzisha watoto wa bandia kwa wasichana. Wengine wakaona ruhusa hiyo imefutwa. Na Imam Malik amepokewa kuchukia baba kumnunulia bintiye. Tena Bibi Aisha alikuwa akicheza michezo ya wasichana, na kijana wetu ni mtu baleghe. Kwa hivyo hatusemi kwamba kila kijisanamu ni halali. Twasema kuwa asiyefanya kabisa chenye roho amejichukulia hadhari katika dini yake, na twaona ndivyo bora. Na anayefanya, wako wanachuoni walioona kwamba kikiondolewa kile ambacho mwili hauishi bila ya hicho, kama kichwa, hukumu ya sura huondoka, kwani imepokewa kuwa Jibril (A.S.) aliagiza kichwa cha sanamu kikatwe ili iwe kama mti. Lakini mas-ala yenye khitilafu kama hii hayatatuliwi kwa nyundo ya usiku mmoja. Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, zimesimama tangu 1928 sanamu za shaba za askari na mpagazi, kubwa kama watu, na Mombasa ziko za namna hiyo. Twapita mbele yake kila mwaka wala hatusemi neno. Ukali wetu tumeuweka wote kwa mtoto wa jirani mwenye kisanamu cha kidole kimoja.

Iko khatari nyingine ambayo tungaliitaja mwanzo lau tungalifikiri, nayo ni dadu. Mchezo wa dadu umekatazwa katika Hadithi iliyo sahihi, na madhehebu yetu ya Shafii yamepambanua kati ya mchezo unaotegemea bahati na ule unaotegemea fikira. Basi mwenye kujenga na kupaka rangi ana hukumu yake, na mwenye kutupa dadu ana hukumu yake. Tena dadu si lazima. Mchezo wa Wells uliamuliwa kwa mizinga midogo iliyorusha vijiti. Na Wajerumani walikuwa na namna ambayo mwamuzi mwenye ujuzi ndiye hukata shauri. Kijana akiambiwa haya atafaidika. Sisi hatukumwambia hili wala lile.

Lakini lililotuuma zaidi ni jambo tulilolijua baadaye. Tulimwuliza kijana mlima ule ulikuwa mlima gani. Akasema: "Ni Salaita, Sheikh."

Msomaji wa Taita Taveta alijua jina hilo. Kilima cha Salaita kiko upande huu wa mji wa Taveta. Wajerumani waliuteka mji huo Agosti 1914, na ili kuwatoa, Waingereza walijenga reli kutoka hapa Voi kuelekea Maktau na mbele yake. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliokuwa wageni wa nchi walikishambulia kilima hicho wakarudishwa nyuma. Mizinga yao ilikipiga kilele, na kumbe mahandaki ya kweli yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima. Upande wa Waingereza walikuwako Wabaluchi wa jeshi la Uhindi, wengi wao Waislamu. Na kati ya askari weusi wa Wajerumani Waislamu walikuwa wengi vile vile. Taveta haikurudi mikononi mwa Waingereza ila mwezi wa Machi. Kijana ameyajua haya yote, na mahandaki yake aliyachimba chini ya mlima, mahali pake hasa.

Na wale vijisanamu waliokuwa watu tu, wasio na mbawa wala kichwa cha mnyama, tuliodhani ni askari, hawakuwa askari. Aliwakata bunduki, akawaweka mizigo vichwani. Walikuwa wapagazi. Akatueleza kwamba baba wa babu yake alichukuliwa kuchukua mizigo ya vita ile akafa njiani, na hakuna ajuaye alikozikwa.

Hapa Voi, na Maktau, na Taveta, yako makaburi ya vita yaliyotunzwa vizuri, yenye mawe na majina. Mpagazi hana jiwe. Hesabu ya serikali ya wakati ule yenyewe ilikiri kufa kwa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Mwaka 2021 tume ile ile inayotunza makaburi hayo ilitoa ripoti ikikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda hata hawakukumbukwa kabisa. Tulichobakiwa nacho sisi ni majina ya mitaa tu, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na wakaao humo wengi hawajui asili ya jina.

Kuvifanya vita kuwa mchezo kuna ubaya wake, na ubaya huo twauogopea vijana wetu. Mtu aweza kuzoea kuhesabu waliokufa kama ahesabuvyo kokoto, mpaka moyo wake usishtuke tena. Wells alitoa kitabu chake 1913, akataraji kwamba mtu akiyaona magumu ya vita vya mezani atavichukia vita vya kweli. Haukupita hata mwaka mmoja na nusu, vita vya kweli vikafika Taveta. Mchezo haukumzuia mtu. Lakini meza ya kijana huyu ilikuwa ikifanya kinyume cha tunachokiogopa. Michezo ya vita huhesabu wenye bunduki. Yeye aliwaweka mezani wasiohesabiwa. Sisi, wenye elimu, tukawavunja mara ya pili.

Tulikwenda nyumbani kwao baada ya Magharibi, tukamwomba radhi kijana mbele ya baba yake, tukalipa thamani ya vitu vilivyokuwa halali yake. Baba alilia. Kijana hakulia. Alisema mlima ataujenga upya, akaongeza: "Na wapagazi nitawafanya bila vichwa, Sheikh, mizigo ikae juu ya mabega. Hata hivyo majina yao hayakuandikwa."

Hatukujua kama yale yalikuwa maneno ya utiifu au ya moyo uliovunjika, wala hatukuthubutu kumwuliza.

Basi enyi wazazi, na enyi masheikh wenzetu, twausia mambo matatu. Kwanza, mtoto akiletwa kwenu na kitu mikononi, kitazameni chote kabla ya kukitolea hukumu. Pili, mpambanulieni lililo halali na lililo haramu na lililo na khitilafu, wala msiyafunge yote katika neno moja la hasira, kwani kijana akiona mlima umevunjwa kama sanamu, atadhani na hukumu ya sanamu haina hoja. Tatu, mwulizeni anachokifanya ni nini. Huenda akawa anapoteza usiku wake na sala yake, mkamwonya kwa haki. Na huenda akawa anakumbuka jambo ambalo nyinyi mmelisahau.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe haraka yetu, na awarehemu waliokufa njiani katika nchi hii, wenye makaburi na wasio na makaburi. Naye ndiye ajuaye zaidi.