Gari la Mbio Mikononi mwa Kijana

Katika milima ya chai ya Kericho na Bomet, gari la mbio linalotamaniwa na vijana si Ferrari. Ni Subaru Impreza iliyokwisha kutumika Japani, yenye bomba la moshi linalosikika ng'ambo ya bonde. Swali la iwapo kijana wa miaka 18 aanze na gari hilo huonekana kuwa la fedha tu. Kwanza, hata hivyo, ni suala la ukomavu, nalo hupimwa kwa mizani zaidi ya moja.

Sheria ya Kenya huhesabu miaka: 16 kwa leseni ya pikipiki ndogo, 18 kwa gari. Mila ya Wakipsigis wa milima hiyo hutazama tumdo, yaani jando la likizo ya Desemba; atokaye humo ni mwanamume, hata akirudi shuleni Januari kuvaa kaptura. Kurani inadai zaidi. Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, inawaagiza walezi kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha wawakabidhi mali yao wakiuona uongofu wa akili, ambao wanazuoni huuita rushdi. Aristotle naye aliona kwamba kijana aweza kuwa bingwa wa jometri bila kuwa na busara ya kutenda, kwa kuwa busara hiyo huletwa na uzoefu. Kipimo hiki cha mwisho ndicho chenye uzito: usukani haujui nani ametahiriwa wala nani ana kitambulisho.

Fedha nazo zina mwenyewe. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye viwanda vya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, kama Litein au Kapkoros, hulipwa kila mwezi kwa kilo, kisha hupata bonasi karibu na Oktoba. Bonasi ikinunua gari la mwana, limenunuliwa kwa mikono ya mama na dada waliochuma. Mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 huhubiriwa kwa ajili ya msamaha. Ni nadra kutajwa kwamba mali ile hakuichuma yeye.

Na kama fedha ni zake? John Stuart Mill, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu uhuru, alitetea haki ya mtu kujihatarisha mwenyewe, ila aliwatoa wasiofikia utu uzima na akaweka mpaka kwenye madhara kwa wengine. Barabara ya Sotik au Litein iko ng'ambo ya mpaka huo. Wachuma chai na watoto wa shule hutembea pembeni mwake, mvua ya alasiri huilowesha, na mwendo ukiongezeka mara mbili, breki huhitaji umbali mara nne. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliwaua watu 52 katika makutano ya Londiani. Halikuwa gari la mbio, lakini lilionyesha nani hulipa: wachuuzi na abiria waliokuwa kituoni.

Hayo hayamfungii kijana mlango daima. Aliyeendesha gari la Probox la nyumbani msimu mzima wa masika, akabeba watu na mizigo bila kuwahatarisha, amejaribiwa. Akiweka akiba ya mshahara wake na mzazi akaendelea kuizuia, lawama huhamia kwa mzazi, kwani aya ileile ya An-Nisaa inamkataza mlezi kuila mali aliyowekewa amana kabla mwenyewe hajakua.