Koroma Halina Mnunuzi

Muuza madafu wa mtaani kwetu hana haja ya kupasua dafu ili ajue umri wake. Hulitikisa karibu na sikio. Lililojaa halisemi kitu; likianza kuchezesha maji, siku zimeenda. Kisha huuliza swali lake la kila siku: "La maji au la kukomba?" Mwenye kiu hupewa la maji. Anayetaka nyama laini huchongewa kijiko cha kumbi, akapewa la kukomba.

Juzi nilijifanya mjuzi, nikachagua mwenyewe. Lilikuwa kubwa, kijani chake kimeanza kupauka. Alilishika mara moja tu, akaliweka kando.

"Hilo koroma, kaka. Maji yake yamekwisha utamu, na ukilipeleka nyumbani likunwe, tui lake jepesi."

"Sasa utalifanyia nini?"

"Nilifanyie nini? Mkwezi kakosea. Lilitakiwa liachwe juu."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko nilivyolifikiria dafu nililokunywa.

Watu wa pwani wameyagawa maisha ya tunda la mnazi kwa majina. Karara, ala inayofunika maua, likipasuka, upunga hutoka, na juu yake hushika vidaka. Kidaka kikinusurika huwa kitale, kitale huwa dafu: kwanza la urambirambi, ambalo nyama yake ni utelezi tu, kisha la kukomba. Baada yake koroma, na baada ya koroma, nazi. Nazi ikikauka mpaka nyama ikabanduka kifuuni, hiyo ni mbata. Tangu ua kushika mpaka nazi ni kama miezi 12, na katika miezi hiyo tunda limebadili jina mara nne. Ukimwambia mtu wa Mafia au Malindi kwamba dafu ni "nazi changa" atakuelewa, ila atajua wewe ni mgeni.

Wanafalsafa nao waliutazama mmea wakitafuta maana ya kukua. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kinachokua hueleweka kwa mwisho wake: mbegu ni mti ambao haujatimia. Hegel, Mjerumani, katika utangulizi wa kitabu alichokichapisha mwaka 1807, aliona ugomvi ndani ya mmea. Ua likichanua, tumba hutoweka kana kwamba limekanushwa. Tunda likija, ua nalo huonekana kuwa lilikuwa la uongo. Hakuishia hapo, alisema zote ni hatua za uhai mmoja, na hakuna iliyo ya ziada. Hata hivyo, kwake hatua hupata maana yake kutoka kwenye safari nzima.

Kwa muda mrefu nilijigamba kwamba Kiswahili kinawapita wote wawili. Kinachopewa jina lake chenyewe, nilisema, hakihesabiki tena kuwa upungufu wa kitu kingine. Dafu si nazi iliyochelewa. Koroma ndilo lililonitia shaka. Ukiyatazama vizuri majina hayo, mengi yananuka mkono wa mtumiaji. Dafu ni la mwenye kiu, nazi ni ya mpishi, mbata ni ya mkamua mafuta. Mgema yeye hangoji hata upunga utoke. Hulikata karara lingali limefumba, akagema tembo. Kila mmoja ana siku yake ambayo kwake mnazi "umekomaa". Koroma limepewa jina kwa sababu kila mmoja wao hulirudisha.

Lakini ndani ya koroma kuna nini? Maji ya dafu ni chakula cha kiinitete, na mwanzoni hayana hata seli zilizogawanywa kwa kuta. Viini huelea tu majimajini. Baadaye kuta hujengeka kutoka pembeni, ndipo nyama hutanda kifuuni. Maji hayo yana nguvu ya kuamsha ukuaji. Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, F. C. Steward na wenzake walieleza jinsi seli za karoti zilivyolelewa katika chakula kilichotiwa maji ya nazi, mpaka zikatoa mimea kamili. Umri ukisogea, sukari ya majini hupungua, mafuta hujaa kwenye nyama, kifuu hugeuka cheusi na kigumu, na kiinitete hujiweka tayari chini ya jicho moja laini kati ya yale matatu. Utamu tunaoulilia ulipopotea, kazi ndiyo ilikuwa imepamba moto.

Ukilisikiliza neno kukomaa, ndani yake kunasikika kukoma, kana kwamba kilichokomaa kimefika na kutulia. Nazi haijui kutulia. Nyumbani kwa bibi yangu, Pangani, tuliikuta moja kwenye pembe ya jiko imetoa chipukizi. Nikasema imeharibika. Bibi akaichukua, akaigeuza mkononi.

"Haikuharibika," akasema. "Imekataa kupikwa."

Aliipasua. Ndani maji yalikuwa yamekwisha na joya limejaa, jeupe, jepesi kama sifongo, tamu. Tuligawana watoto wanne. Sikujua kwamba tunakula mdomo: joya ndilo linaloinyonya nyama ya nazi na kuulisha mche kwa miezi mingi, mpaka uweze kujitegemea. Kile ambacho mpishi angekikuna, mche ulikuwa umeshaanza kukila. Tulipoona nazi imefika mwisho, yenyewe ilikuwa safarini.

Mtu ataniuliza: ikiwa kila ukomavu una mwenyewe, basi kukua hakuna mwelekeo? Upo. Koroma halirudi kuwa dafu. Vidaka vingi huanguka, na kuanguka kwao ni hasara ya kweli ambayo majina mazuri hayaifuti. Chonga, mdudu wa minazi, akilitoboa shaha, moyo wa kilele chake, mpaka likafa, mnazi mzima hufa, kwa kuwa una ncha moja tu ya kukulia. Njia ipo, ila haina kituo ambacho mmea wenyewe unakiita mwisho.

Inua macho uutazame mnazi. Kila mwezi, kwa makadirio, hutoa kuti moja, na kwapani mwa kila kuti hukaa karara lake. Kwa hiyo mnazi mmoja, siku hiyo hiyo, umebeba vidaka, vitale, madafu, makoroma na nazi, mwaka mzima umening'inia kwa pamoja. Wote wanakula kwenye shina moja, na koroma halipunguziwi posho kwa kukosa mnunuzi.

Sisi tunapunguza. Kijana aliyemaliza shule yuko nyumbani, amevuka umri wa kudekezwa na hajafikia wa kuaminiwa, na kila shangazi anayepita humwuliza, "Sasa unafanya nini?" Tunamtikisa karibu na sikio. Tunajifariji kwamba mvumilivu hula mbivu, bila kugundua kwamba methali hiyo inamsifu mlaji. Koroma linadai uvumilivu wa namna nyingine, wa mtu anayeacha kitu juu bila kuahidiwa kwamba yeye ndiye atakayekila. Likishakatwa koleni haliletewi tena chakula. Litabaki koroma mpaka lioze.

Nilimaliza dafu langu, nikalipa. Mkokoteni ulikuwa umeegeshwa kwenye mteremko. Muuza madafu aliliokota lile koroma, akaliinamia gurudumu, akalisukumia chini yake kuwa kigingi. Hata yeye alishindwa kuliacha hivi hivi.