Kuzuia Ili Kujua

Ukitaka kujua kazi ya mtu kijijini, mzuie siku moja uone nini kimesimama. Ndivyo wanasayansi wanavyozisoma silia, vile vinywele vidogo mno vya seli ambavyo kwenye njia ya hewa husukuma makohozi yasijae mapafuni. Mwaka 2012 ilitangazwa kemikali iitwayo siliobrevini. Inazuia dainini, protini inayofanya kazi kama injini. Injini ikizimwa, mtafiti anaona kipi kimeharibika. Kisha anaiosha kemikali, na mwendo unarudi.

Hapo kwenye kuosha ndipo swali langu lilipo: nani ana haki ya kuzuia kitu asichoweza kukirudisha?

Sisi tuliozunguka Biharamulo na Ngara kutafuta habari tunawajua mbung'o. Kimelea cha malale wanachokibeba huogelea kwa mkia uliojengwa kama silia, nao unaendeshwa na dainini. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alikuwa visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, akiwadunga wagonjwa wa malale atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoongeza dozi, baadhi yao walipofuka. Elimu ilipatikana, macho hayakurudi.

Enzi ya Waingereza kikaja kizuizi kingine. Watu wa Biharamulo walihamishwa na kukusanywa kwenye makazi maalumu ili waepushwe na mbung'o. Mashamba waliyoyaacha yakawa pori, na pori ndiyo nyumba ya mbung'o.

Utaniambia: malale yasipotibiwa yanaua, sasa ulitaka wasidungwe? Hapana. Hatari peke yake si kosa. Kosa ni kumgeuza mtu kisahani cha maabara: unamzuia, unaandika matokeo, unaondoka.

Januari 2025 virusi vya Marburg vilithibitishwa Biharamulo. Waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Ni mzigo, tena mzito kwa mtu anayekula alichovuna, lakini una siku ya kwisha, na unaweza kumweleza anayeubeba.

Kwangu basi kipimo ni hiki. Unachoweza kukirudisha, kizuie ujifunze. Usichoweza, mwulize kwanza mwenyewe, na akikubali, kaa naye kwa yatakayofuata. Seli haihitaji kuulizwa. Mtu wa Ssese alihitaji, na Koch alirudi Ujerumani akiwa na macho yake yote mawili.