Tajiri na Mfadhili: Maadili ya Utajiri wa Dunia katika Msamiati Wetu

Mjadala kuhusu mgawanyo wa utajiri duniani aghalabu huachiwa wanauchumi, nao huuanza kwa takwimu. Sisi ambao kazi yetu ni kuchambua maneno tuna swali linalotangulia takwimu hizo. Tunaposema kwamba Ulaya ni tajiri na Kongo ni maskini, tumesema nini? Kwa umbo lake, kauli hiyo haitofautiani na kusema kwamba mlima huu ni mrefu na ule ni mfupi. Hutaja sifa, haitaji tendo. Na hakuna anayelaumiwa kwa urefu wa mlima.

Hata hivyo, neno lenyewe lakataa kufichwa hivyo. Tajiri, katika Kiarabu tulikolitoa, ni mfanyabiashara. Katika Kiswahili lingali na maana hiyo, pamoja na ile ya mwenye mali na ile ya mwajiri. Kwa maana zote tatu mtu hawezi kuwa tajiri pekee yake: lazima awepo wa kuuziana naye au wa kumtumikia.

Tuchukue pembe za ndovu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, pembe za Manyema zilibebwa mabegani na wapagazi hadi pwani, zikavushwa Unguja, na nyingi zikaishia Connecticut, Marekani, zilikokatwa ili kufunika vibonyezo vya piano. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye tawasifu yake ni miongoni mwa za awali kabisa katika Kiswahili, alikuwa akihesabu faida yake kwa frasila. Mtaji aliukopa kwa matajiri wa Unguja, akiwemo Taria Topan. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold wa Pili, na hapo tajiri wa pwani na tajiri wa Brussels wakashikana mikono. Baada ya pembe ulikuja mpira, kisha shaba ya Katanga. Leo ni kobalti: zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nchi ambayo ingali miongoni mwa zilizo maskini kabisa.

Yamkini msomaji atatukumbusha kuwa Japani ni tajiri bila ya madini ya kutajika, na kwamba Mobutu, aliyetawala kuanzia 1965 hadi 1997, hakuwa Mbelgiji. Hoja hii ni nzito, na haifai kupuuzwa kama wafanyavyo wahakiki wanaouona ubeberu katika kila ukurasa. Lakini hoja hiyo hujibu swali la jinsi ya kutajirika. Haijibu swali la nani anamdai nani. Mwizi wa ng'ombe hasameheki kwa kuwa jirani alitajirika bila kuiba, wala kwa kuwa mchungaji alishirikiana naye.

Swali hilo la deni ndilo linalozimwa na neno jingine tulilolizoea mno magazetini: wafadhili. Fadhila ni wema unaopita wajibu, na aliyefadhiliwa hudaiwa shukrani. Asipoitoa husimangwa kwa methali ya punda na mateke yake. Kwa hiyo, tunapoziita serikali za Magharibi wafadhili, tumekwisha kuamua kesi kabla ya kuisikiliza. Ikiwa sehemu ya mali hiyo ilitoka Kongo kwa nguvu, kuirejesha ni kulipa, na alipaye hangojei kushukuriwa.

Lakini lugha hii haituachi sisi wenyewe salama. Nyumba za mawe za Unguja zilijengwa kwa faida ya pembe, na ya watumwa pia. Anayedai fidia kwa niaba ya Kongo, kwa Kiswahili, anazungumza lugha ya mmoja wa washtakiwa. Si ajabu kwamba fasihi yetu ina tawasifu ya mwenye msafara ilhali mpagazi hakuachiwa hata ukurasa. Naye mkazi wa Kindu, anapolitamka neno tajiri leo, hulitamka kwa Kiswahili kilichofika kwao kwa njia ile ile ambayo pembe zilipitia kuondoka.