Mishipa ya Fahamu na Wajibu wa Mtu

Wahenga walisema ajali haina kinga. Walisema pia tahadhari kabla ya athari. Methali hizi mbili zimekaa katika lugha moja kwa miaka mingi bila kugombana, kwa sababu ni nadra kuitwa shaurini siku moja. Lakini kando ya barabara, gari likiwa limepinduka na watu wakitafuta neno la kusema, zote mbili huitwa pamoja. Hapo yafaa kuuliza ni ipi isemayo kweli. Je, mtu aweza kulaumiwa kwa jambo lililotokea katika muda mfupi kuliko ule autumiao kufikiri? Ili kulijibu swali hili tutamwita shahidi ambaye si desturi kuitwa katika mashauri ya namna hii. Shahidi huyo ni mwili wa mwanadamu wenyewe, na hasa ile sehemu yake iitwayo mishipa ya fahamu, au neva.

Salgaa ni mji mdogo katika kaunti ya Nakuru, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapo, na mengi hulala hapo. Mbele ya Salgaa barabara hupanda kuelekea Sachangwan na Mau Summit, na kwa hiyo dereva arudiye kutoka huko hukutana na mteremko mrefu. Kwa miaka mingi palikuwa na madereva waliozoea kutoa gia katika mteremko huo na kuliacha lori liteleze kwa uzito wake, ili waokoe dizeli kidogo. Lakini lori lililotolewa gia halizuiliwi tena na injini yake. Kazi yote ya kulizuia huziangukia breki; breki hupata moto, na zikizidi kupata moto hupoteza nguvu. Tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya mapambazuko, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Kuhukumu chanzo cha msiba ule si kazi ya insha. Ila tunajua yasemwayo baada ya misiba ya namna hiyo. Wako wasemao mahali pale pana mkosi, na wako wasemao ajali haina kinga. Wote wawili, kwa njia zao, husema kwamba hapana mtu wa kuulizwa.

Sasa tumsikilize shahidi wetu. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli ina kiwiliwili chake, na kiwiliwili hicho kina matawi mengi mafupi yapokeayo habari, na uzi mmoja uzipelekao mbali. Uzi huo huitwa aksoni. Baadhi ya nyuzi ni fupi kuliko unene wa unywele, na nyingine, kama zile zitokazo kiunoni hadi kwenye wayo, hupata urefu wa karibu mita moja. Nyingi zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mielini, nayo huzidisha sana mwendo wa habari. Mahali ambapo seli moja hukutana na nyingine pana ufa mdogo mno. Habari ikifika ukingoni mwa ufa huo humwaga kemikali, nazo huvuka na kuiamsha seli ya pili. Pia ziko seli nyingine zisizopeleka habari kwa namna hii, bali huzilisha, huzivika na huzilinda zile zipelekazo. Tishu hii ndiyo tuonayo kwayo, ndiyo tukumbukayo kwayo, na kwayo dereva hugeuza usukani.

Zamani wataalamu walidhani kwamba habari za neva hazihitaji muda, au kwamba muda wake haupimiki. Mwaka 1850 Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, aliupima kwa neva ya chura. Aliona kwamba habari ilikwenda karibu mita 30 tu kwa sekunde, mwendo ulio mdogo kuliko wa sauti hewani. Katika mwili wa binadamu nyuzi zilizovikwa mielini nene hufikia mita 120 kwa sekunde, na zile zisizovikwa hutambaa mita moja au mbili tu. Ugunduzi huu ni wa sayansi, lakini una uzito katika maadili pia. Maana yake ni kwamba kati ya jambo na kulijua jambo pana pengo; na kati ya kulijua na kulitenda lipasalo pana pengo jingine.

Tulipime pengo hilo barabarani. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliyeshtushwa na kitu mbele yake aweza kutumia sekunde moja na nusu kabla mguu haujaikanyaga breki, na katika muda huo lori limekwisha kwenda mita 33. Mita hizo 33 hazina mwenyewe. Hapana amri wala sala iwezayo kuzipunguza baada ya hatari kuonekana.

Mwili una jambo jingine la kushuhudia. Ukigusa sufuria ya moto, mkono hurudi kabla hujasikia maumivu. Habari hukimbilia ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo, na amri ya kuurudisha mkono hutoka papo hapo. Ubongo huletewa habari kazi ikiwa imekwisha. Kukanyaga breki si tendo la namna hii hasa, kwa kuwa hupitia ubongoni. Lakini kwa dereva mzoefu limekaribia kuwa hivyo. Hatendi baada ya kushauriana na nafsi yake. Mguu umekwisha kwenda.

Basi mtetezi wa dereva atasimama na kusema: mnamlaumuje mtu kwa tendo lililotangulia fikira yake? Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Ikiwa wajibu hukaa mahali penye hiari, na katika sekunde ile hiari haikuwapo, wajibu nao ulikuwa wapi?

Jibu ni kwamba wajibu ulikuwapo mapema. Neva hazikuzaliwa zikijua kuendesha lori, zilifundishwa. Seli mbili zikiamshana mara kwa mara, njia iliyo baina yao huwa nyepesi, kama kijia kinachochimbwa na kwato za ng'ombe waendao kisimani kila siku. Hapana ng'ombe mmoja aliyekichimba, bali kila mmoja alichangia. Vivyo hivyo dereva aliyeshuka mteremko mara mia akiwa amefunga gia nzito na kuliacha pengo mbele yake, amejichimbia kijia kimoja. Na yule aliyetoa gia mara mia, kwa sababu mara ya kwanza hakupatwa na neno, amejichimbia kingine. Siku ya hatari kila mmoja atapita njia yake. Sekunde ile haichagui. Hutekeleza tu yaliyochaguliwa siku nyingi zilizopita, wakati palipokuwa na nafasi ya kufikiri.

Tena neva zenyewe hutoa onyo. Mtu akikesha, kemikali iitwayo adenosini hukusanyika ubongoni mwake na kuzifanya seli ziwe nzito. Usingizi ndio uiondoao. Wataalamu wawili wa Australia walichapisha mwaka 1997 majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hutenda kazi vibaya kama mtu ambaye damu yake ina pombe ya asilimia 0.05, kiasi ambacho katika nchi nyingi humharimishia kuendesha gari. Wako wanaojitibu kwa kahawa na miraa. Kahawa huziba milango ambayo adenosini ingeingilia, na miraa ina kathinoni iuchangamshayo mwili. Lakini vitu hivi humnyamazisha mlinzi apigaye kelele, havimfukuzi mwizi. Usingizi ulio deni hulipwa kwa usingizi, na asiyelipa kwa hiari hunyang'anywa. Huibiwa sekunde tatu za fahamu pengine macho yake yakiwa wazi, na katika sekunde hizo lori limekwenda mita zaidi ya 60 bila dereva.

Hapa haki hutudai tusiishie kwa dereva peke yake. Seli ya neva haiamki kwa neno la jirani mmoja. Hupokea maelfu ya habari, nyingine zikiichochea na nyingine zikiizuia, na tendo hutokana na jumla yake. Tajiri aliyempangia dereva saa zisizotosha kulala amechochea. Abiria aliyesema, "Ongeza mwendo, dereva, tumechelewa," amechochea. Utingo aliyeona kichwa kikisinzia akanyamaza, kwa hofu ya kukosa kazi, ameshindwa kuzuia. Na waliojenga ukuta kati ya wapandao na washukao, kama ilivyofanywa katika sehemu hiyo baada ya msiba wa 2017, wamezuia. Lakini wingi wa washirika haumfutii dereva sehemu yake. Mguu ulio juu ya breki ni wake.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kulichukulia jambo hili kwa uzito hivi? Mwili hujibu tena. Mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikichanika huziba. Neva ya mkononi au mguuni ikikatika yaweza kuota tena, kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, ikiwa imeshonwa vema. Lakini ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, ukikatika, hauungi. Nairobi iko hospitali ya taifa ya watu walioumia uti wa mgongo, na wengi wa wanaolazwa humo huletwa na ajali za barabarani. Kijana aliyekuwa akikimbia jana hufundishwa humo kujigeuza kitandani. Mtu hawezi kukiona kiti chake cha magurudumu kisha akaiita dizeli iliyookolewa mteremkoni faida.

Basi tuzirudie methali zetu. Je, tuitupe ile ya kwanza? La. Ziko ajali zisizo na kinga kweli: jiwe huporomoka, mtoto hutokea ghafula, na dereva mwangalifu kuliko wote huzipoteza zile mita 33 kama mwingine. Mtu wa namna hiyo hana hatia, na mwenye kumlaumu amemdhulumu. Tena methali hiyo ni faraja kwa mfiwa, na haifai kumnyang'anya mfiwa faraja yake. Ila kila neno lina mahali pake. Ajali haina kinga ni neno la matangani. Likisemwa kabla ya safari, na mtu ashikaye usukani, si hekima tena. Ni ruhusa ajipayo ya kutojali. Kabla ya safari neno ni lile la pili.

Nawe msomaji kijana, labda hutaendesha lori maishani mwako. Lakini hasira nayo ina sekunde yake, na ulimi una mteremko wake, na mkono uliozoea kuchukua kisicho chake huenda kabla ya fikira. Katika sekunde hiyo hutapata nafasi ya kuwa mwema kama hukuwa umeanza. Neva zako zinafundishwa leo, darasani, nyumbani na njiani, ujue usijue, na mwalimu wake mkubwa ni wewe mwenyewe.